Karpe, ndoano na swali la mama: juu ya nini?

Mwaka niliotayarisha memwari yangu ya lisansi mu agronomia, nilitafuta mu intaneti video juu ya ufugaji wa karpe. Nasema karpe wa kweli, Cyprinus carpio, haiko tilapia ambaye mu restora nyingi za Afrika ya Kifaransa anaandikwa «carpe». Nilitaka kuona namna wenzetu wa Ulaya wanachimba bwawa, wanachanganya chakula, wanahesabu watoto wa samaki. Telefone ilikula mega zangu bila huruma, na video za ufugaji nilizopata hazikupita tatu. Zingine zote zilikuwa za wanaume wenye kofia na makoti, wamelala mu hema pembeni ya ziwa siku tatu, siku saba, wanangoja samaki mmoja. Akishakamatwa, wanamlaza juu ya godoro. Ndiyo, godoro! Wanamwagilia maji ngozi isikauke, wanampaka dawa pale ndoano ilipomtoboa, wanampima kilo, wanapiga naye picha, na wengine wanambusu. Halafu wanamrudisha mu maji, anaenda.

Nilimwonyesha mama. Mama anauza sambaza sokoni hapa Bukavu tangu mbele sijaanza masomo ya msingi. Aliangalia mpaka mwisho, akanirudishia telefone, akauliza neno moja tu: «Juu ya nini?»

Nilicheka. Lakini swali lile lilinifuata. Baadaye niligundua kwamba njo swali lenyewe ambalo Wazungu wanagombania wao kwa wao, mu maabara, mu mahakama na pembeni ya maziwa yao, tangu miaka mingi. Leo nataka kulijibu vizuri, bila kucheka. Na kwa kuwa sisi wasomi tunapenda kuhukumu kitu mbele ya kukiangalia, nitaanza na uzuri wake.

Ukitaka kuona uzuri huo, usianze na video za siku hizi. Anza na A Passion for Angling, filamu ya vipindi 6 ambayo BBC ilionyesha mu 1993. Hugh Miles, fundi wa kupiga filamu za wanyama wa porini, aliwafuata wavuvi wawili, Chris Yates na Bob James. Sauti ya msimulizi ni ya Bernard Cribbins. Hakuna mashindano, hakuna muziki wa fujo. Kuko ukungu wa asubuhi, birika la chai, fimbo ya mwanzi, na wanaume wawili wazima wanaochekana kama watoto waliotoroka masomo. Miles anapiga filamu maji sawa vile wengine wanapiga filamu uso wa mtu. Kiputo kimoja kinapanda, jani la majini linatikisika, na moyo wako unaanza kudunda, wewe ambaye hujawahi kushika ndoano.

Filamu hiyo inatufikisha pia Redmire, bwawa dogo mu Herefordshire, upande wa mpaka wa Wales. Ukubwa wake unapita hektari moja kidogo tu. Kwetu lingekuwa shamba la mihogo la familia moja. Lakini njo mu bwawa lile Richard Walker alikamata, mu Septemba 1952, karpe wa karibu kilo 20. Mbele ya siku ile wavuvi wengi wa Uingereza waliamini kwamba karpe mkubwa hakamatiki kwa fimbo, ana akili kupita mtu. Walker, aliyekuwa injinia, alikataa imani hiyo. Alijitengenezea fimbo, akabuni chombo cha umeme cha kumjulisha kwamba samaki amevuta kamba, akasoma tabia ya karpe sawa vile sisi tulisoma fizyolojia ya mimea. Samaki yule alipelekwa mu akwariomu ya zoo ya London, wakamwita Clarissa, akaishi pale mpaka 1971. Halafu mu 1980 Chris Yates mwenyewe, mu bwawa lile lile, alikamata karpe aliyepita kilo 23, mkubwa kuliko wote waliojulikana Uingereza wakati ule.

Mimi kilichonigusa haiko kilo. Ni kungoja. Tangu nipate diploma, kungoja njo kazi yangu ya kila siku. Nangoja jibu la ofisi, nangoja simu ya mtu aliyesema «tutakuita», nangoja mradi uanze. Kungoja kwetu kunampunguza mtu. Unazunguka kwa njia ya nyuma ili usikutane na jirani atakayeuliza: «Na ile kazi, bado?» Sasa mwangalie Yates: amekaa usiku mzima, samaki hakuja, asubuhi anachemsha chai yake na uso wake hauonyeshi hasara yoyote. Kwa mara ya kwanza niliona mtu anayengoja bila haya. Njo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mchezo huu ni ujinga wa watu walioshiba, basi. Kuko kitu unafundisha: kukaa, kunyamaza, kuangalia kitu kimoja mpaka ukielewe. Ni wangapi kati yetu wanaweza kukaa saa moja bila kugusa telefone?

Hapo sifa zangu zinasimama. Kamera ya Miles inapenda maji, inapenda fimbo iliyopinda, inapenda furaha ya mvuvi. Ndoano yenyewe, na mdomo ambamo imeingia, inazipenda kidogo. Nilitoka mu filamu ile najua rangi ya asubuhi ya Redmire, lakini sikujua bado kitu gani kinampata samaki. Ilibidi nitafute mwenyewe.

Tuseme basi wazi namna inafanyika. Karpe haumi chambo sawa vile mbwa anauma mfupa. Anakula chini, anavuta chakula na matope pamoja, anachagua mu mdomo, anatema kisichofaa. Ndoano ikiwa ndani ya chambo, mara nyingi alikuwa anaisikia na kuitema mapema. Karibu na 1980 Waingereza wawili, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, walitoa jibu: usichome chambo ku ndoano. Kifunge ku uzi mwembamba (mwanzoni ulikuwa unywele kabisa) unaoning'inia pembeni ya ndoano. Samaki akivuta chambo, ndoano iliyo wazi inakifuata. Akitaka kutema, inamchoma mdomo. Akishtuka na kukimbia, uzito wa risasi ulio ku kamba unaishindilia. Yaani samaki anajikamata mwenyewe, na mvuvi amelala mu hema mpaka chombo cha umeme kimwamshe.

Ni akili kubwa, siwezi kukataa. Lakini angalieni kitu gani kimetokea. Uzuri wote niliousifu ulikuwa mu macho ya mtu anayeangalia maji. Mtego huu umemruhusu kufunga macho. Ule mchezo uliojitetea kwa uvumilivu umeanza kuwa hesabu: fimbo tatu, siku saba, kilo ngapi?

Na chambo chenyewe! Ni vitonge vya mviringo vya unga na mayai, vinachemshwa mpaka vipate ngozi ngumu, ili samaki wadogo wasivibomoe. Mu unga huo wanatia unga wa samaki, soya, protini za maziwa, harufu za matunda. Mtu wa agronomia akisoma fomula hiyo anatambua provande kamili. Wengine wanatupa kilo na kilo mu ziwa mbele ya kuanza kuvua, ili karpe wazoee mahali. Mimi wakati wa staji yangu tulikuwa na bwawa la tilapia, na hatukuwa na protini. Tulileta pumba za mchele, majani ya mihogo, mchwa wakati wa mvua. Shefu wa staji alituahidi unga wa samaki tangu wiki ya kwanza. Tulimaliza staji, hakuna aliyeuona. Tilapia zetu zilibaki saizi ya kiganja. Kwa hiyo nilipoona mtu anarusha mayai na soya mu maji kwa samaki ambaye hataliwa, nilikasirika. Sitaficha.

Lakini hasira haiko hoja. Yule Mwingereza akiacha kurusha vitonge vyake, hata kikombe kimoja cha soya hakitafika Bukavu. Nikaiweka hasira pembeni, nikatafuta hoja zenye uzito. Nilipata mbili.

Ya kwanza ni ile ya samaki mwenye jina. Mu maziwa ya Bluebell, karibu na Oundle, aliishi karpe jike aliyeitwa Benson. Alifika kilo 29. Magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba alikamatwa zaidi ya mara 60 mbele ya kufa mu 2009. Alipokufa, habari ilitangazwa kama kifo cha mtu mkubwa, na shuku ya kwanza iliangukia juu ya njugu za ndago zilizotupwa mu maji bila kuchemshwa. Sasa fikirini: zaidi ya mara 60 mdomo ule ulitobolewa na watu waliompenda. Upendo wao ulikuwa wa kweli, mimi naamini. Walimjua kwa alama za mwili, walimtafuta miaka, walimrudisha polepole kama mtoto mchanga. Lakini kila mara upendo ule ulianza na ndoano.

Na pale kuko jina, pesa haikawii. Ziwa la kulipisha linataka samaki wakubwa, na samaki mkubwa anachukua miaka mingi kukua. Kwa hiyo wengine wanaona rahisi kumtoa mu mto au ziwa la watu wote na kumuuza akiwa hai. Njo maana sheria ya Ufaransa inamkataza mvuvi wa kujifurahisha kusafirisha karpe hai anayepita sentimita 60; faini inaweza kufika euro 22.500. Mchezo uliozaliwa na chai na ukungu umefika pale sheria inalinda samaki kama ng'ombe wa wizi.

Hoja ya pili ni maumivu. Mu 1970 mtafiti wa Uholanzi, Beukema, alichapisha majaribio yake: karpe aliyekamatwa mara moja tu kwa ndoano anakuwa mgumu kukamatwa tena. Anakumbuka. Mu 2002 Mmarekani James Rose aliandika kwamba samaki hana lile gamba la juu la ubongo tulilo nalo sisi, kwa hiyo hawezi kuhisi maumivu vile sisi tunahisi. Mwaka uliofuata Lynne Sneddon na wenzake, mu Scotland, walitoa matokeo mengine: walitia sumu ya nyuki na asidi ya siki mu midomo ya truiti. Samaki wale walichelewa sana kurudi kula, wakayumbayumba mahali pamoja, na wale wa asidi walisugua midomo yao ku changarawe. Mabishano hayajafungwa mpaka leo.

Mimi sitayafunga hapa. Nasema kitu kimoja tu kwa wavuvi: huwezi kumsifu karpe asubuhi kwamba ana akili, anajifunza, anakumbuka ndoano ya mwaka jana, halafu jioni, mtu akikuuliza juu ya mdomo wake, ukajibu kwamba ni samaki tu, hasikii kitu. Uchague. Kama si mjanja, ushindi wako ni wa bure. Kama ni mjanja, deni lako ni kubwa.

Sasa tufike ku swali la mama. Sheria ya Ujerumani ya kulinda wanyama inasema kwamba mtu asimletee mnyama maumivu, mateso au madhara bila sababu yenye maana. Mama angeisema kwa maneno matatu: juu ya nini? Kule, kumla samaki ni sababu. Kumkamata kwa nia tu ya kumpima, kupiga naye picha na kumrudisha, hiyo inaweza kukufikisha mbele ya hakimu. Uswisi nayo inakataza kuvua kwa nia ya kurudisha. Vuka bahari ufike Uingereza, mambo yanageuka miguu juu: anayemrudisha karpe njo mtu wa heshima, na anayempeleka ku sufuria anaonekana muuaji.

Ugomvi huo ulitoka mu maneno ukaingia mu watu. Baada ya 2004, watu wa Poland na wa nchi jirani waliingia Uingereza kwa wingi kutafuta kazi. Kwao karpe ni chakula cha Noeli. Watawa wa zamani walimfuga mu mabwawa ya Ulaya kwa ajili ya siku za kutokula nyama, na mpaka leo, mu Poland na mu Czechia, usiku wa Noeli bila karpe haujakamilika. Kwa hiyo mgeni alimwona samaki akaona meza ya mama yake. Mwenyeji alimwona samaki yule yule akaona rafiki mwenye jina. Mabango yakasimamishwa pembeni ya maji mu luga nyingi: usichukue samaki. Wizi ulikuwepo, sikatai. Lakini chuki nyingine iliyotembea wakati ule ilikuwa ya mgeni kwanza, karpe alikuwa kisingizio. Sisi ambao tuna ndugu kule, tunajua namna inaanza.

Kwa haki, wavuvi nao wana jibu zuri. Wanasema: «Bila sisi, nani angelinda maji?» Na wana ushahidi. Mu 1948 wavuvi wa Uingereza waliunda chama cha kushitaki wachafuzi wa mito. Kikundi kimoja cha wavuvi wa Derby kilishitaki kiwanda, shirika la umeme na mji wenyewe juu ya kuharibu mto, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mahakama iliwapa haki. Mto Derwent ulipata mtetezi juu kuko watu waliokuwa wanapenda kukaa pembeni yake bila faida. Nikifikiria chupa za plastiki zinazoelea kule ambako mto Ruzizi unatoka mu ziwa letu, najiuliza: ni nani wa kwetu anayependa maji yale kiasi cha kwenda mahakamani? Tunayatumia wote. Kuyapenda, ni kitu kingine.

Na tusijifanye watakatifu. Siku tulimwaga bwawa la staji, tilapia walikufa polepole mu beseni, juani, wanafungua na kufunga midomo, sisi tunapiga picha ya ripoti. Hakuna aliyeuliza kama wanasikia. Kuko watu wanaovua mu maziwa yetu kwa chandarua cha malaria, kinachobeba mpaka watoto wa samaki wa jana. Tukiulizwa juu ya nini, tunajibu: njaa. Ni jibu la kweli, na ni zito kuliko picha ya mtu na karpe wake. Lakini halijibu beseni lile la juani. Kumuua samaki haraka hakuhitaji pesa. Kulihitaji mmoja wetu ainame achukue kijiti, na hatukuinama.

Basi hukumu yangu ni hii. Filamu ya Miles, iangalieni. Itawafundisha kuangalia ziwa letu kwa macho mapya. Mvuvi anayekula anachokamata, sina neno naye. Anayerudisha samaki mdogo akue, ninamheshimu, njo agronomia yenyewe. Lakini kumkamata mnyama yule yule mara 60 kwa ajili ya kilo na picha, na kuliita jambo hilo upendo, nimejaribu kulikubali, nimeshindwa. Uzuri wa mchezo ule uko mu kungoja na mu kuangalia. Ndoano haikuongeza uzuri, iliongeza ushahidi wa kuonyesha wenzako.

Jumapili iliyopita nilimpelekea mama jibu lake. Alikuwa anachambua sambaza, anatoa zilizopasuka. Nikamwambia: «Mama, nimeelewa. Wanafanya juu ya kungoja. Wanapenda kungoja.»

Akasema: «Basi wangoje bila ndoano.»

Nikamwambia mtu hawezi kukaa usiku kucha pembeni ya maji bila kitu mu maji, atachoka, atarudi nyumbani.

Mama hakuinua hata macho. «Wewe mwaka wa nne huu unangoja kazi. Ndoano yako iko wapi?»

Sikupata jibu. Nilinawa mikono, nikakaa upande wa pili wa beseni, tukamaliza kuchambua.